Alfred Butts: Jamaa aliyefutwa kazi akaanza kuhesabu herufi za gazeti

Hebu chukua herufi hizi sita: A, F, I, I, K, R. Usikimbilie simu, tumia kichwa. Unaweza kuunda maneno mangapi kwa kutumia zote sita bila kuacha hata moja?

Wengi mtaona "rafiki" papo hapo, maana ni neno la kila siku. Ukitulia kidogo utaona "fikira". Ukitulia zaidi, na kama ulikuwa macho kwenye kipindi cha Kiswahili, utaona "fakiri", yaani maskini hohehahe. Herufi ni zile zile. Kilichobadilika ni pale ulipoanzia kutazama.

Leo nakuletea jamaa aliyechukua raha hii ndogo ya kuchezea herufi akaifanya kazi ya miaka. Jina lake ni Alfred Mosher Butts. Huenda jina hilo halikuambii kitu, lakini kazi yake umewahi kuishika mkononi: vile vigae vya Scrabble vyenye herufi katikati na nambari ndogo pembeni. Hata yale magemu ya kuunganisha herufi unayocheza kwenye simu matatu ikikwama kwenye jam, mengi yana deni kwake.

Na kabla hujamfikiria kama profesa fulani aliyemeza kamusi, jua hili: jamaa alikuwa mbovu wa tahajia. Alikiri mwenyewe.

Alizaliwa Aprili 13, 1899, huko Poughkeepsie, mji ulio kando ya mto Hudson katika jimbo la New York, Marekani. Babake alikuwa wakili, mamake mwalimu wa shule ya upili. Akasomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akamaliza mwaka wa 1924. Mwaka uliofuata akamwoa Nina Ostrander, naye pia mwalimu. Shika jina hilo la Bi Nina, litarudi.

Wakahamia New York City, mtaa wa Jackson Heights, eneo la Queens. Alfred akapata kazi ya kuchora majengo katika kampuni ya wasanifu. Mshahara unaingia, kodi inalipwa, mambo shwari. Halafu mwaka wa 1929 soko la hisa la New York likaporomoka, na uchumi wa Marekani ukaanguka nalo. Watu wasiposhika pesa hawajengi nyumba, na watu wasipojenga nyumba msanifu wa nini? Mwaka wa 1931 Alfred akafutwa kazi. Ana digrii, ana mke, ana miaka 30 na kitu, na hana pa kwenda asubuhi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sitakupigia lekcha kuhusu digrii. Lakini najua ile hali ya kuamka ukiwa huna ratiba. Siku inakuwa ndefu ajabu. Alfred alijaribu hiki na kile, akachora picha, akaandika. Kisha akafanya jambo ambalo jirani yeyote angeliona ni uvivu mtupu: akaketi chini kuchunguza michezo ya watu.

Hakucheza tu, alichambua. Akaona michezo inagawanyika makundi matatu. Kuna ile ya nambari, kama dadu na bingo. Kuna ile ya kusogeza vitu, kama chesi na drafti. Na kuna ile ya herufi na maneno, ambayo aliona imeachwa nyuma. Zama hizo kulikuwa na mchezo wa zamani wa kuvuruga herufi na kuunda maneno, na kulikuwa na yale mafumbo ya gazetini yenye vibanda vyeupe na vyeusi, ambayo Wamarekani waliyapenda mno. Ila hakukuwa na mchezo wa maneno ambao familia nzima ingekaa mezani ikashindana kwa alama kama wanavyoshindana kwenye karata.

Aliona tatizo lingine. Chesi ni akili tupu, na anayejua zaidi ndiye atakutandika kila mara hadi uchoke. Dadu nayo ni bahati tupu, haikuhitaji wewe. Yeye alitaka katikati. Unaokota herufi bila kuchagua, hiyo ni bahati yako. Unazipanga vipi, hiyo ni akili yako.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Ukitengeneza mchezo wa herufi, lazima ujue uweke A ngapi, E ngapi, Z ngapi. Ukiweka kila herufi kwa idadi sawa, watu wataketi na Q tatu na X mbili mkononi wakitazamana. Alfred alikumbuka hadithi ya Edgar Allan Poe iitwayo "The Gold-Bug", iliyochapishwa mwaka wa 1843, ambamo mtu anafumbua ujumbe wa siri kwa kujua ni herufi zipi hujitokeza sana katika Kiingereza. Basi akachukua gazeti la New York Times, akafungua ukurasa wa kwanza, akashika penseli, akahesabu. E ngapi? A ngapi? T ngapi? Akahesabu pia kwenye magazeti mengine. Hakukuwa na kompyuta ya kumfanyia, ni jicho, penseli na mistari midogo kwenye karatasi.

Fikiria hiyo picha kidogo. Kurasa hizo za kwanza zilijaa habari za benki kufungwa na watu kukosa ajira. Yeye, mmoja wa hao wasio na ajira, anahesabu herufi za habari hizo badala ya kuzisoma.

Matokeo ya hesabu yake ndiyo yaliyo kwenye mfuko wa Scrabble ya Kiingereza mpaka leo: vigae 100. E ziko 12. A na I ziko 9 kila moja, O ziko 8. N, R na T ziko 6 kila moja. Q, Z, J, X na K ziko moja moja, na viwili havina herufi, unavipa utakayo. Alama zikafuata uchache: E ni alama 1, Q na Z ni 10. Pahali pamoja tu alipinda hesabu makusudi. S hutokea sana kwenye Kiingereza, lakini akaziweka 4 pekee, kwa sababu alijua ukiwa na S nyingi utakuwa unaning'iniza wingi kwenye kila neno na kujiona bingwa.

Sasa ngoja nikuonyeshe hesabu hiyo inakuhusu vipi wewe unayetaka neno refu. Mchezaji mpya akiokota Q anafurahi, anaikumbatia raundi nne akisubiri muujiza. Mchezaji mzoefu anafurahia vitu vya bei rahisi: A, E, I, N, R, S, T. Hizo ndizo Alfred alizikuta kila mahali gazetini, kwa hivyo ndizo zinazojenga maneno marefu. Wachezaji wa mashindano hukariri vikundi vya herufi sita kama RETINA. Kwa nini huyo? Kwa sababu ukimwongezea herufi moja tu anazaa neno la herufi saba. Ongeza C upate CERTAIN. Ongeza P upate PAINTER. Ongeza G upate GRANITE, au TEARING. Ongeza L upate LATRINE, samahani kama unakula. Yaani ukiwa na hizo sita, karibu herufi yoyote inayotoka mfukoni ni rafiki yako.

Njia ya kuziona nayo si uchawi. Usizitazame herufi saba kama zilivyokaa, zitakudanganya. Toa kwanza kipande unachokijua. Kwenye Kiingereza ni miisho kama ING, ED na ER. Kwenye Kiswahili ni rahisi hata zaidi, maana lugha yetu imejengwa kwa vipande. Jaribu hizi: A, I, K, L, M, M, U. Ukizikodolea macho hivyo utaona "mali" na "kali" ukaridhika. Lakini toa kitenzi kwanza: "lima". Kinachobaki ni K, M na U. Umeona? Mkulima. Na mara nyingine hata hutoi kipande, unabadilisha tu herufi ya kuanzia: "samaki" anageuka "masika", na "simba" anageuka "msiba".

Turudi kwa jamaa wetu. Toleo la kwanza la mchezo wake aliliita Lexiko, na halikuwa na ubao. Ulikuwa na vigae, unaunda maneno, basi. Aliuza seti chache kwa marafiki na watu wa karibu. Akapeleka kwa watengenezaji wakubwa wa michezo, Parker Brothers na Milton Bradley miongoni mwao. Wakakataa. Ofisi ya serikali ya kusajili uvumbuzi nayo ikamkatalia.

Akaendelea kuurekebisha. Mwaka wa 1938 akaweka ubao wa miraba 15 kwa 15, maneno yakawa yanakatana kama kwenye yale mafumbo ya gazetini, na jina likawa Criss-Cross Words. Seti alizitengeneza kwa mkono nyumbani. Alichora ubao kwa vifaa vyake vya usanifu, akaunakili kama ramani ya jengo, akaubandika. Herufi vilevile, alizichora, akazinakili, akazibandika kwenye mbao nyepesi na kuzikata zitoshee miraba. Ukiniuliza, hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika maisha yake. Kampuni ilisema haina kazi ya kumpa msanifu, naye akaendelea kuwa msanifu tu, ila sasa jengo lake linakaa juu ya meza. Wakampelekea majibu tena: hapana.

Mchezo ulijaribiwa na majirani pale Jackson Heights, kwenye kanisa la Methodisti la mtaa huo. Na Bi Nina? Alikuwa akimchapa mumewe vibaya. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuweka neno QUIXOTIC na kuzoa zaidi ya alama 200 kwa mpigo mmoja. Hebu waza: wewe ndiye umeunda mchezo, umehesabu kila herufi, halafu mkeo anakutandika kila jioni kwa sababu anajua kuandika maneno kukuliko. Alfred hakununa. Alicheka na watu kuhusu jambo hilo hadi uzeeni.

Baadaye uchumi ulipopumua alirudi kwenye kazi yake ya kuchora majengo. Mchezo ukabaki kitu cha pembeni, seti moja hapa, moja pale.

Mwaka wa 1948 akatokea James Brunot, mkazi wa Newtown, Connecticut, mmoja wa watu wachache waliokuwa na seti ya Criss-Cross Words. Alitaka kuutengeneza na kuuza. Wakaelewana: Brunot achukue haki za kutengeneza, Alfred alipwe mrabaha kwa kila seti itakayouzwa. Brunot akahamisha baadhi ya miraba ya alama za ziada, akarahisisha sheria, akachagua zile rangi za waridi na buluu unazozijua, na akaongeza kitu kitamu kuliko vyote: alama 50 za bure ukimaliza vigae vyako vyote saba kwa neno moja. Kwa hivyo ukimwona mtu anahangaika kutafuta neno refu kwenye Scrabble, njaa hiyo ilitoka kwa Brunot. Hesabu ya herufi zinazowezesha neno hilo ndiyo ya Alfred, na Brunot hakuigusa. Jina Scrabble lilisajiliwa mwaka huo huo.

Mwanzo ulikuwa msoto. Brunot na familia yake walifanyia kazi kwenye jengo lililokuwa shule, wakigonga herufi kwenye vigae kimoja kimoja. Mwaka wa 1949 walitengeneza seti 2,400 na wakapata hasara ya dola 450. Kisha, mwaka wa 1952, inasemekana bosi wa duka kubwa la Macy's aliucheza akiwa likizoni, akarudi New York akashangaa kwa nini dukani kwake haupo. Oda zikamiminika hadi Brunot akashindwa kuzikimu, akawapa kazi ya kuutengeneza Selchow & Righter, kampuni ambayo nayo iliwahi kuukataa. Mwaka wa 1954 ziliuzwa karibu seti milioni nne.

Alfred alikuwa akipata karibu senti tatu za dola kwa seti.

Najua unachofikiria. Sisi kizazi cha kuibiwa biti, kuibiwa vichekesho na kuona wazo lako kwenye ukurasa wa mtu mwingine, tukisikia senti tatu tunasema jamaa aliliwa. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini tazama vizuri. Kati ya 1931 na 1948 ni miaka 17. Katika miaka hiyo yote kampuni zilizokuwa na mashine zilimwambia hapana. Brunot ndiye aliyeweka pesa na kuingia hasara. Bado naona senti tatu ni kidogo, sitadanganya, hasa nikikumbuka nani alishika penseli. Ila Alfred mwenyewe hakuonekana kuumia. Alieleza kwamba thuluthi ya pesa hizo ilienda kwa kodi, thuluthi akagawa, na thuluthi iliyobaki ikampa maisha mazuri. Alinunua tena nyumba ya zamani ya ukoo wao huko Stanfordville, mashambani New York. Na picha zake, zile za kuchora majengo na mandhari ya jiji la New York, sita zilichukuliwa na jumba la makumbusho la Metropolitan. Alipokuwa na miaka 80 na ushei alitoa mchezo mwingine wa maneno, ukaitwa tu Alfred's Other Game. Haukuvuma.

Kuna jambo moja ambalo hesabu yake haikufikiria, na sikulaumu yeye: sisi. Alihesabu Kiingereza. Chukua seti yake ujaribu kuandika methali ya Kiswahili ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua, "Haraka haraka haina baraka". Ina herufi 23, na 11 kati ya hizo ni A. Mfukoni A ziko 9. Ukisema utumie vile vigae viwili vitupu kuziba pengo, sawa, lakini K zinahitajika 3 nawe una moja, na H zinahitajika 3 nawe una 2. E, ambayo ndiyo mfalme wake yenye vigae 12, haimo hata mara moja. Q na X zitakaa tu zikikutazama. Na tukiruhusu vitenzi vyetu, "tutakapowatembelea" lina herufi 18, ubao una miraba 15. Anayetaka seti inayotufaa lazima afanye alichofanya Alfred: achukue gazeti hili, penseli, na aanze kuhesabu.

Hata hivyo Afrika imeuteka mchezo wake. Mwaka wa 2015, huko Perth, Australia, Mnigeria Wellington Jighere akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Na jambo lililowashangaza wengi ni kwamba Wanigeria walisifika kwa kucheza maneno mafupi, ya herufi nne au tano, ambayo huacha herufi nzuri mkononi na kumbana mpinzani asipate pa kupenya. Kumbe neno refu si lazima uliweke kila unapoliona. Miaka miwili baadaye, 2017, mashindano ya dunia yalifanyika papa hapa Nairobi.

Alfred hakuyaona hayo. Alifariki Aprili 4, 1993, huko Rhinebeck, New York, siku tisa kabla ya kutimiza miaka 94.

Mwaka wa 1995, pale Jackson Heights, kwenye kona ya barabara ya 35 na ya 81, waliweka kibao cha barabara ambacho kila herufi ina nambari yake ndogo ya alama pembeni, kama kigae. Mwaka wa 2008 kibao hicho kikatoweka. Wakazi wakasumbua hadi kikarudishwa mwaka wa 2011, karibu na kanisa lile lile ambapo Bi Nina alikuwa akimchapa.